Mfundishe Kabla Hajagusa Mashine

Ndugu mkulima, mavuno yakiisha na kazi za shamba zikipungua, wako vijana wengi katika skimu zetu ambao hutia nguo zao mfukoni wakapanda gari la Nairobi. Huenda nauli ya mmoja wao umeitoa wewe mwenyewe. Mashamba ya skimu yalianza kugawanywa mwaka 1962, na ekari zilizomtosha baba haziwatoshi wana watano. Basi si ajabu kijana akienda kutafuta kibarua mjini. Akifika hufikia kwa ndugu yake au kwa mtu wa kwao, na mara nyingi ni Kibera au Kawangware, maana huko vyumba vya kupanga si ghali sana. Haipiti juma, kijana aliyekuwa akichunga ng'ombe wako ameshika mashine ya kukata chuma, au amesimama juu ya mbao mbili katika ghorofa ya saba akipokea karai la zege. Sasa jiulize: ni nani aliyemfundisha?

Swali hilo si la mjini peke yake. Mashine ya kukata majani uliyo nayo zizini, yamkini ilitengenezwa na fundi wa jua kali ambaye naye hakufundishwa na mtu. Na yule kibarua unayemwita kuja kuiendesha hiyo mashine kwa siku mbili, yeye ni mfanyakazi na wewe ndiwe mwajiri wake, hata kama hujapata kujiita kwa jina hilo. Kwa hiyo tutatazama kwanza mambo yalivyo Kibera na Kawangware, na namna ya kumfundisha mtu kazi ya hatari hata ayashike mafundisho, kisha tutarudi shambani.

Kibera iko kusini-magharibi ya Nairobi, karibu kilomita 5 kutoka katikati ya mji. Jina lake latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu, maana mwanzoni mwa karne ya 20 walikalishwa hapo askari wa Kinubi waliolitumikia jeshi la King's African Rifles. Reli ya Kisumu yapita katikati. Ukitembea Makina, Laini Saba au Gatwekera utaona vibanda vya kuchomelea milango na madirisha, maseremala, na hata mafundi wanaokata mifupa ya ng'ombe kwa misumeno ya umeme ili wafanye shanga na vikuku. Wengine wengi huondoka asubuhi kwa miguu kwenda Eneo la Viwanda. Kawangware iko upande wa magharibi, imepakana na Lavington. Kutoka huko vijana huteremka kila alfajiri kusimama kwenye milango ya majengo yanayoinuliwa Kilimani, Kileleshwa na Lavington. Kazi hiyo huitwa mjengo. Mnyapara hutoka, akahesabu watu anaowahitaji siku hiyo, akawatia ndani. Waliobaki hurudi walikotoka.

Fundi wa jua kali kwa kawaida hakusomea kazi yake darasani. Alikaa kando ya fundi mkubwa, akamshikia chuma, akamletea maji, akawa anatazama. Baada ya miezi kadha akapewa naye kuchomelea kidogo. Njia hii si mbaya. Ndivyo wahunzi walivyofundishana tangu zamani, na ndivyo wewe ulivyojifunza kukama. Ubaya wake ni kwamba macho huchukua yote, zuri na baya pamoja. Fundi akichomelea kwa miwani ya jua, mwanafunzi atajua kwamba miwani ya jua ndicho chombo cha kazi, naye atamfundisha hivyo mwanafunzi wake.

Kumbe miwani ile hupunguza mng'ao tu. Mwanga wa kuchomelea una miali isiyoonekana, nayo huunguza jicho kama jua liunguzavyo ngozi, lakini kwa nguvu zaidi. Maumivu hayaji pale pale. Huja baada ya saa kadhaa, usiku, mtu akahisi kana kwamba ametiwa mchanga machoni. Kinachofaa ni ngao ya uso yenye kioo cheusi kilichofanywa kwa kazi hiyo. Tena angalia jambo hili: msaidizi anayeshika chuma, ambaye ndiye anayekodoa macho ili ajifunze, ndiye asiye na kioo kabisa. Yaani katika banda lile anayeumia zaidi ni mwanafunzi, na anaumia kwa sababu anajifunza kwa bidii.

Na liko jambo la moshi. Chuma kilichopakwa zinki, kama mabati na mabomba ya maji, kikichomelewa hutoa moshi mweupe. Mtu akiuvuta kwa wingi, jioni hushikwa na baridi na homa, na baada ya siku moja au mbili imekwisha. Ni rahisi kudhani ni malaria na kununua dawa ya malaria. Mafundi wengi husadiki kwamba kunywa maziwa huondoa sumu ya moshi huo. Ninyi mnaouza maziwa mngependa sana iwe kweli! Lakini maziwa huenda tumboni na moshi umekwenda mapafuni. Dawa yake ni kukwangua zinki mahali pa kuunga, kufanyia kazi nje penye upepo, na kukaa upande ambao moshi hauji usoni.

Mambo kama haya mtu aweza kuambiwa kwa dakika chache. Lakini huko mabandani hayasemwi, kwa sababu mwenye kuyasema naye hakuambiwa.

Sheria ya Kenya haikulinyamazia jambo hili. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yahusu kila mahali ambapo mtu hufanya kazi, pawe pa kudumu au pa muda. Banda la Kibera limo, jengo la Lavington limo, na zizi lako limo. Yamwagiza mwajiri awape watu wake habari, maelezo, mafunzo na usimamizi wa kutosha kuwalinda. Tena yasema kwamba mtu asitiwe kwenye mashine iwezayo kumdhuru ila awe ameelezwa sawasawa hatari zake na namna ya kujihadhari, na awe amefundishwa vya kutosha au anasimamiwa na mtu aijuaye vema mashine hiyo. Penye watu 20 au zaidi hapana budi pawe na kamati ya usalama, na wafanyakazi wawe na wajumbe wao ndani yake. Anayefanya kazi peke yake bila kuajiriwa, naye sheria yampasa ajihadhari asijidhuru wala kudhuru wengine.

Kwa nini sheria ikaze hivi juu ya mtu mgeni kazini? Kwa sababu mgeni ndiye huumia. Watafiti wa Institute for Work & Health, huko Toronto nchini Kanada, waliona kwamba mtu aliye katika mwezi wake wa kwanza kazini yu katika hatari ya kuumia zaidi ya mara tatu kuliko yule aliyekaa hapo kupita mwaka. Mgeni hajui swichi iko wapi, hajui ni ubao upi umeoza, na huona haya kuuliza. Sasa mfikirie kijana wa Kawangware. Jumatatu yuko Kilimani, Jumatano yuko Kileleshwa, Ijumaa hakupata kitu, wiki ijayo yuko kwa kontrakta mwingine. Huyo mwezi wake wa kwanza hauishi. Kwa mtu wa namna hiyo mafunzo ya mara moja kwa mwaka hayana maana yoyote. Lazima afundishwe asubuhi ile ile anapoingia, juu ya mahali pale pale.

Hapana shaka wako wakubwa wa majengo wanaofanya kikao cha asubuhi kabla ya kazi, nao wafaa kusifiwa. Lakini viko na vikao vya jina tu. Watu 40 husimama juani, mmoja asoma karatasi ya Kiingereza kwa haraka, kisha daftari lapitishwa kila mtu atie sahihi. Daftari hilo humlinda mwenye jengo siku mkaguzi akija. Halimlindi mtu aliye juu ya ubao. Picha ya kofia ngumu iliyobandikwa getini ni hivyo hivyo. Mwaka 2006 wataalamu wa Marekani wakiongozwa na Michael Burke wa chuo kikuu cha Tulane walikusanya tafiti 95 juu ya mafunzo ya usalama kazini, zilizohusu watu karibu 21,000, wakazilinganisha. Waliona kwamba kadiri mwanafunzi alivyotumia mikono yake na kufanya jambo mwenyewe, ndivyo alivyojua zaidi na ndivyo ajali zilivyopungua. Kusomewa tu na kutazama picha kulikuwa na faida ndogo kabisa.

Basi kufundisha vema kukoje? Njia moja imejaribiwa tangu vita vya 1939-45. Marekani wakati ule wanaume walikwenda vitani na viwanda vikajaa wanawake na watu wa mashamba ambao hawajapata kugusa mashine ya kiwandani. Serikali yao ikaanzisha mafunzo ya wanyapara: kila mnyapara afundishwe kwa saa 10 namna ya kumfundisha mtu kazi. Njia yenyewe yaweza kuelezwa kwa maneno machache, na haihitaji darasa wala umeme. Tuseme uko katika banda la kuchomelea huko Kibera, na wataka kumfundisha kijana kutumia grainda, yaani mashine ya mkono ya kukata na kusugua chuma.

Kwanza jua ajualo. Usimwulize, "Wajua kutumia hii?" maana atasema ajua, mwenye njaa hakosi kujua kazi. Mwambie, "Nionyeshe, lakini haijatiwa umeme." Namna anavyoishika tu itakuambia yote. Kisha mwambie wazi kwamba hakuna ubaya kutojua, na kwamba hutamfukuza kwa kuuliza. Neno hili lina thamani kuliko kofia.

Pili, mwonyeshe wewe, polepole, jambo moja moja, na kila jambo ulipe sababu yake. Usiseme, "Uwe mwangalifu." Uangalifu ni nini? Hakuna anayekwenda kazini akikusudia kutokuwa mwangalifu. Sema hivi: "Tazama kisahani hiki. Kimeandikwa mwendo wake, na mashine imeandikwa mwendo wake. Mwendo wa kisahani usiwe mdogo kuliko wa mashine, maana kitapasuka na vipande vitaruka kama risasi. Tazama kinga hii ya chuma. Watu huitoa ili watie kisahani kikubwa zaidi ya kilichokusudiwa. Hapa haitolewi, maana kisahani kikipasuka kinga hii ndiyo iliyo baina yake na uso wako. Shika kwa mikono miwili. Simama kando kidogo, usisimame sawa na kisahani. Ukizima, ngoja kisimame ndipo uiweke chini. Na kabla hujawasha, tazama cheche zitaangukia wapi." Jambo hili la mwisho Kibera lastahili kurudiwa mara mbili. Nyumba ni za mbao, udongo na mabati, zimebanana, na cheche ikiingia katika takataka za mbao za seremala wa jirani, wanaoungua ni watu wengi ambao hawana habari na grainda yako.

Tatu, afanye yeye. Hapa ndipo watu wengi hukosea. Wamekwisha kusema na kuonyesha, wakadhani wamekwisha kufundisha, wakaondoka. Sivyo. Afanye mbele yako, na huku akikueleza sababu ya kila jambo kwa maneno yake mwenyewe, kwa lugha aijuayo vizuri. Akinyamaza mahali, hapo hajaelewa. Akikosea, msimamishe papo hapo bila kumtukana, umwonyeshe tena. Arudie mpaka wewe, si yeye, uridhike.

Nne, mwache afanye kazi, lakini mwambie ni nani wa kumwuliza, kisha urudi. Rudi baada ya robo saa, rudi mchana, rudi kesho. Ukirudi usitazame kwanza amekata vyuma vingapi. Tazama mikono yake iko wapi na kinga iko mahali pake. Ukipita ukaona kinga imetolewa ukanyamaza, umemfundisha somo jipya, nalo lenye nguvu kuliko yote ya asubuhi.

Kazi hiyo yote haizidi nusu saa. Fundi atasema hana nusu saa, maana mteja anangoja dirisha lake. Ni kweli mteja anangoja. Lakini kidole kikikatika banda hufungwa siku nzima, fedha za dirisha huenda hospitalini, na dirisha halijaisha.

Liko jingine la kumwambia mgeni, nalo ni haki yake ya kuacha. Sheria ile ya 2007 yasema kwamba mfanyakazi akiona hatari kubwa iliyo karibu na amwambie msimamizi wake mara moja, na mwajiri asimrudishe mahali hapo maadamu hatari ingalipo. Katika mjengo maneno hayo ni magumu, kwa kuwa nje ya geti wako watu 30 wanaoingoja nafasi yako. Ndiyo sababu mnyapara mwenyewe ayaseme kwanza, mbele ya wote: "Ukiona mtaro unamomonyoka, toka, kisha uniite." Mita moja ya udongo kwa kila upande ina uzito wa tani moja na nusu au zaidi. Aliyefunikwa mpaka kifuani hawezi kuvuta pumzi ijapokuwa kichwa kiko nje.

Sasa turudi shambani, na hapa tutasema neno ambalo walimu wa usalama wengine hulisahau. Kabla ya kumfundisha mtu, itengeneze mashine. Haifai kumfundisha kibarua kuishi na hatari ambayo ungeweza kuiondoa kwa kipande cha bati na bolti nne. Mtu huchoka, huwaza deni, huitwa na mtoto, bati halichoki.

Tazama mashine ya kukata majani. Gurudumu lina visu viwili au zaidi, na mbele yake iko mihimili inayovuta majani ndani. Majani yakikwama, mtu huyasukuma kwa mkono, na mihimili haibagui nepia na vidole. Huko India, wakulima wengi walipoteza mikono katika mashine za kupura nafaka zilipoenea mashambani, na mwaka 1983 Bunge lao lilitunga sheria ya mashine za hatari. Kiwango chao chataka mdomo wa kulishia mashine hizo uwe na urefu usiopungua sentimita 90, na nusu yake iliyo upande wa mashine ifunikwe juu, ili mkono usifike ndani. Kipimo hicho ni cha mashine za kupura, lakini akili yake yafaa kwa mashine yako ya majani pia. Ikiwa mdomo wa mashine yako ni mfupi kama sinia, mpelekee fundi auongeze na kuufunika. Gurudumu liwe na kifuniko, mkanda wa mota uwe na kifuniko, na swichi iwe mahali anapoweza kuifikia yule anayelisha bila kuinama juu ya visu. Mashine isiyotumika ifungwe gurudumu, maana watoto hupenda kulizungusha.

Hapa ninyi wakulima mna nguvu kubwa ambayo pengine hamjaitambua. Fundi wa jua kali hutengeneza kile anachoagizwa. Wateja wakiuliza bei tu, atapunguza bati ili bei ishuke, na bati la kwanza kupunguzwa ni la kinga. Wakulima kumi wakikataa mashine isiyo na kifuniko, mwezi ujao vifuniko vitakuwepo, na wanafunzi wote wa banda lile watakua wakijua kwamba mashine haijaisha mpaka imefunikwa. Chama chenu cha ushirika kikinunua kwa pamoja, sharti hilo na liandikwe.

Ukiisha kuitengeneza mashine, ndipo umfundishe kibarua kwa njia ile ile ya grainda. Mwache kwanza umeme umezimwa. Mwonyeshe visu. Kisha washa, utie bua moja refu la mahindi, umwambie atazame linavyokwenda. Ataona mwenyewe kwamba hakuna mtu awezaye kuuvuta mkono wake upesi hivyo. Mwambie kilichokwama hutolewa mashine imezimwa na gurudumu limesimama, au husukumwa kwa mti, si kwa mkono. Shuka, leso na mikono mipana ya koti ivuliwe au ifungwe. Hata glavu zisivaliwe karibu na kitu kinachozunguka, kwa sababu hushikwa na kuuvuta mkono pamoja nazo. Na kama trekta huja kwako kupukuchua mahindi, fahamu kwamba ule mhimili wa nyuma unaoizungusha mashine huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kwa sekunde moja. Nguo ikishikwa, mtu hana hata muda wa kupiga kelele. Mhimili usiofunikwa usikubaliwe shambani kwako, hata mwenye trekta akinuna.

Neno moja juu ya visima na mashimo ya choo, kwa kuwa vijana wa Kibera huajiriwa kuyatapisha na vijana wa skimu huajiriwa kuyachimba. Shimo laweza kuwa halina hewa ya kutosha, au kuwa na hewa ya sumu, na macho hayaoni. Mtu akianguka ndani, anayemfuata bila kamba na bila hewa hufa naye, na wa tatu vile vile. Hili lazima lifundishwe kabla, kwa sababu siku yenyewe hakuna atakayesikiliza. Ndugu humrukia ndugu.

Waweza kusema kwamba huna mwalimu. Katika miaka ya 1990, huko Can Tho nchini Vietnam, madaktari walianza kufundisha wakulima wadogo kwa njia ambayo haikumtegemea mwalimu sana. Wakulima walitembelea mashamba ya jirani wakiwa na karatasi yenye picha za mambo ya kutazama, na hawakutafuta makosa. Walitafuta jambo zuri ambalo mwenzao amelifanya kwa fedha kidogo: hapa mtu ametia magurudumu kwenye kibeba mizigo, pale mtu ameweka dawa za mimea katika sanduku lenye kufuli. Kisha wakaketi, kila mmoja akasema ni jambo gani atakalolifanya kwake. Njia hiyo imeenea katika nchi nyingine. Safu ya mabanda ya Laini Saba yaweza kuifanya Jumamosi moja jioni, na kikundi chenu cha maziwa chaweza kuifanya vile vile. Mwalike na Bwana Shamba, lakini msimngoje.

Ajali ikitokea pamoja na hayo yote, ziko kazi mbili baada ya kumpeleka mgonjwa hospitali. Kifo lazima kiarifiwe kwa ofisa wa Usalama na Afya Kazini wa sehemu yenu katika muda wa saa 24, kisha ipelekwe barua katika siku 7. Jeraha linalomzuia mtu kazi zaidi ya siku 3 nalo huandikiwa habari katika siku 7. Kazi ya pili ni malipo. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini, nayo ya mwaka 2007, yamtaka kila mwajiri awakatie watu wake bima, na yamhesabu mwanafunzi wa kazi kuwa mfanyakazi. Aliyelemazwa kabisa kwa maisha hulipwa kwa hesabu ya mishahara ya miezi 96, na aliyelemazwa kwa sehemu hulipwa kwa kadiri ya sehemu hiyo. Madai yasicheleweshwe kupita miezi 12.

Kwa kijana wa mjengo taabu huwa ni kuthibitisha kwamba siku ile alikuwako, kwa sababu hana barua ya kazi. Basi kabla hajapanda gari mfundishe hivi: kila asubuhi anapoandikwa, aandike katika simu yake jina la mnyapara na mahali pa jengo, ampelekee mtu mmoja wa nyumbani. Mbele ya jengo husimamishwa ubao wenye jina la kontrakta. Na aupige picha. Mwenzake aliyefanya naye kazi siku hiyo, aijue namba yake ya simu. Na akiona jengo halina ubao wowote, ajue kwamba mwenye jengo hilo hataki ajulikane, ageuke akatafute pengine.